Uanakisti si kisingizio cha mistari mibovu

Wiki hii tena. Kijana kaniletea kurasa zake: fremu zimepinda, maneno yamesongamana ndani ya puto kama abiria wa daladala, mhusika ana vidole sita. Namuuliza, anajibu bila wasiwasi: "Mwalimu, hii ni komiki ya kianakisti. Haina sheria."

Nimechoka, jamani. Uanakisti ni siasa ya kukataa watawala, ya "hakuna bosi". Si kukataa ufundi.

Chukua Zap, komiki ya chini kwa chini ya San Francisco, 1968, moja ya hizo zinazobandikwa uanakisti. Tazama kivuli cha kiatu tu katika ukurasa wa Robert Crumb: mistari myembamba inakatana, tabaka juu ya tabaka. Huyo alishapitia ajira ya kuchora kadi za salamu. Mwenzake Victor Moscoso alisomea rangi Chuo Kikuu cha Yale, chini ya Josef Albers, mwalimu mashuhuri wa rangi. Fujo iko wapi hapo?

Uasi wao ulikuwa kwenye mkataba. Kampuni kubwa zilimlipa mchoraji kwa ukurasa, hakimiliki ikabaki kwao, na mara nyingi hata mchoro wenyewe haukurudi. Tena tangu 1954 kulikuwa na muhuri wa Comics Code, kanuni za maadili za wachapishaji wa komiki. Komiki isiyo nao, wasambazaji wengi hawakuigusa. Hawa wa chini kwa chini, waliochapisha nje ya kampuni hizo, walibaki na hakimiliki yao, wakapata mrabaha, na hakuna mhariri aliyewakata. Muhuri hawakuuomba. Crumb na mkewe waliitembeza Zap ya kwanza mtaa wa Haight ndani ya kigari cha mtoto. Baadaye komiki hizi zikauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuvutia bangi, mpaka hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1973 kuhusu machapisho machafu ya ngono ilipowatia wenye maduka baridi.

Ila na sisi tunaofundisha tuna makosa. Tunawabandika uanakisti watu ambao hawakuudai. Spain Rodriguez, mchoraji mwingine wa Zap, alielemea kwa Marx. Aliyelitundika neno lenyewe kwenye jalada ni Jay Kinney, na Anarchy Comics yake: matoleo manne tu, 1978 hadi 1987.

Na hilo la "hakuna bosi" huwa linanikwama kooni darasani. Zap ilikuja kuwa mali ya wachoraji saba, wanaume watupu. Mchoraji mwanamke Trina Robbins hakuzuiwa na kanuni yoyote, hakualikwa, basi. Mwaka 1970 akatoa komiki ya It Ain't Me, Babe na wanawake wenzake. Bosi unaweza kumgomea. Kijiwe cha marafiki unakigomeaje?

Kijana kaondoka na rula yangu. Kidole cha sita anasema ni cha makusudi. Sawa, ila nimemwambia akipe kucha.