Jeni ndani ya uvimbe wa saratani: mbebaji ni nani?

Mkulima mmoja wa zabibu kutoka Hombolo alinionesha simu yake: tangazo la "tiba ya jeni" ya saratani, herufi nyekundu, na namba ya simu ya kutuma pesa. Dada yake ana saratani ya mlango wa kizazi. Maswali yake nimeyajibu hapa, maana si yake peke yake.

Jeni inafikishwaje kwenye uvimbe?

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Katika saratani nyingi, jeni ya p53 inayozuia seli kugawanyika ovyo imeharibika. Watafiti hujaribu kupeleka nakala nzima, au jeni nyingine ya kuamsha kinga. Lakini ikidungwa tupu kwenye damu, hukatwakatwa upesi. Kwa hiyo hufungwa ndani ya chembe za mafuta au za polima (molekuli ndefu kama nyuzi) zilizotengenezwa maabara. DNA, yaani kemikali inayounda jeni, ina chaji hasi na chembe hizo zina chaji chanya, hivyo hunatana.

Kwa nini wasitumie virusi?

Wanavitumia, na ni hodari wa kuingia kwenye seli. Ila kinga ya mwili huvitambua. Mwaka 1999, Marekani, Jesse Gelsinger wa miaka 18 alifariki katika majaribio ya tiba ya jeni ya ugonjwa wa ini, mwili wake ulipopambana vikali na virusi vilivyobeba jeni hiyo.

Mbona chembe hizi za mafuta na polima hazijawa dawa ya kawaida ya saratani?

Fikiria gunia la mtama kutoka Kongwa: lazima lifike soko la Majengo, lishushwe duka lenyewe, lifunguliwe. Chembe nyingi zikidungwa kwenye damu huishia kwenye ini. Zinazofika kwenye uvimbe humezwa na seli na kufungiwa kwenye kifuko chenye asidi, na nyingi hufia humo. DNA inayochomoka bado inatakiwa iingie kwenye kiini cha seli. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilitumia chembe za mafuta, lakini zilibeba mRNA, nakala ya muda ya maelekezo ya jeni, isiyohitaji kuingia kwenye kiini, tena zilichomwa begani tu.

Nitume pesa?

Hapana, ndugu yangu, usitume hata shilingi. Majaribio halali huwa na kibali cha maadili, na mgonjwa husaini fomu ya ridhaa. Saratani ya dada yako inatibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa, na ikiwahiwa hupona. Anzeni Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma.

Tuliifungua kadi yake ya kliniki pale pale. Tarehe ya kurudi ilishapita siku nne. Wanakwenda Jumatatu.