Je, wajua? Klorofili ya chupa haigeuki kuwa damu

Chupa za klorofili ya maji zimezagaa kwenye maduka ya virutubisho na kwenye makundi ya WhatsApp. Unadondosha matone machache kwenye glasi, maji yanakuwa ya kijani, na muuzaji anakueleza kwamba hiyo ni damu ya mmea: inatofautiana na damu yako kwa madini ya aina moja tu, hivyo ukiinywa unaongezeka damu. Maelezo hayo yanaanza na ukweli na kuishia pabaya. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu akiitegemea chupa hiyo, anapoteza wiki ambazo angekuwa anameza vidonge vya madini ya chuma.

Ukweli wenyewe ni huu. Klorofili, rangi ya kijani ambayo mmea hutumia kunasa mwanga wa jua, ina mzunguko wa kaboni na naitrojeni wenye magnesiamu katikati. Hemu, sehemu ya himoglobini (protini nyekundu ya damu) inayoshika oksijeni, ina mzunguko unaofanana sana na huo, ila katikati yake kuna chuma. Mjerumani Hans Fischer alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1930 kwa kuchunguza muundo wa rangi hizi mbili. Kwa hiyo undugu upo.

Sasa ichukulie molekuli hiyo kama pete yenye kito. Naitrojeni nne ndizo meno yanayokishika kito mahali pake. Kito cha magnesiamu hakikushikwa sawasawa: asidi kidogo pamoja na moto huking'oa, na haidrojeni huchukua nafasi yake. Ndiyo maana mchicha uliokamuliwa limau ukiwa bado jikoni, au uliochemka kupita kiasi, hupoteza ukijani na kuwa na rangi ya zeituni iliyofifia. Anayetia magadi kwenye mlenda au kisamvu anaizima asidi hiyo, kito kinabaki, na mboga inang'aa. Magadi pia hukata mkia wa klorofili unaopenda mafuta, kwa hiyo rangi huanza kuyeyuka majini na mchuzi nao unakuwa wa kijani. Gharama yake ni vitamini C na B1, ambazo magadi huziharibu.

Tumboni kuna asidi kali kuliko limau. Klorofili ikifika huko kito hung'oka, na hapa ndipo hoja ya muuzaji inapokwama: mwili hauna sonara wa kuiokota pete ya mchicha na kuipachika chuma. Uboho wa mifupa hufua pete zake wenyewe tangu mwanzo, kwa malighafi za kawaida kama glaisini, asidi ya amino iliyomo kwenye protini yoyote ile. Pete ikishakamilika, kimeng'enya maalumu huipachika chuma. Watu wengi waliopungukiwa damu hawakukosa pete, wamekosa chuma. Wengine wana malaria, minyoo au selimundu, na hao chanzo chao kinatafutwa hospitali.

Kwenye nyingi ya chupa hizo hata magnesiamu haimo. Kilichomo ni klorofilini ya shaba: klorofili hukamuliwa kutoka kwenye majani kama ya lusini, hukatwa mkia kwa soda kali ili iyeyuke majini, kisha huwekewa shaba. Meno ya pete huing'ang'ania shaba kwa nguvu, hivyo rangi haifi kwa moto wala kwa asidi. Kiwanda cha peremende kinaipenda kwa sababu hiyohiyo, na kwenye lebo za Ulaya utaiona kama E141. Marekani walikuwa wagumu zaidi: mwaka 2002 waliiruhusu kwenye unga wa vinywaji vya jamii ya limau na chungwa tu, isizidi asilimia 0.2.

Mboga za majani zenyewe husaidia damu kweli, kwa njia nyingine. Zina foleti, vitamini ya kundi B ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu, na zina chuma, ingawa chuma cha mimea hufyonzwa kidogo. Vitamini C huongeza ufyonzwaji huo. Yaani limau lilelile linaloharibu rangi ya mchicha ndilo linalokupa chuma zaidi. Likamulie mezani, upate vyote viwili.

Je, klorofilini haina kazi mwilini? Inayo. Miaka ya 1950 mwanzoni Wamarekani waliitia kwenye dawa ya meno, ubani wa kutafuna, hata chakula cha mbwa, wakiamini inaondoa harufu. Wapinzani walijibu kwa kumtaja beberu, anayekula majani mchana kutwa na bado ananuka. Hata hivyo Marekani inaruhusu miligramu 100 hadi 200 kwa siku kupunguza harufu kwa watu wanaotumia mfuko wa choo unaobandikwa tumboni au wasioweza kujizuia haja, japo ushahidi ni mwembamba. Anayeitumia asishtuke choo kikiwa cha kijani, na amwambie mpimaji akienda kupimwa damu iliyojificha kwenye choo, maana inaweza kuleta jibu la uongo.

Jambo linalonivutia zaidi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Molekuli ya sumukuvu ni bapa, na pete ya klorofilini nayo ni bapa. Zikikutana utumboni hugandamana, na sumu inayofyonzwa hupungua. Huko Qidong, China, watu 180 waligawanywa makundi mawili, moja likameza miligramu 100 za klorofilini mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Alama ya uharibifu wa sumukuvu kwenye mkojo wao ilikuwa chini kwa asilimia 55 ikilinganishwa na ya wenzao. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2001, ulipima mkojo, haukupima nani alipata saratani ya ini, na hauihusu tiba ya mtu aliyekwisha kula mahindi yenye sumu nyingi. Tena watu wa Qidong walipunguziwa sumukuvu zaidi na mabadiliko ya chakula: tangu miaka ya 1980 walianza kuacha mahindi na kula wali.