Tunduma sio Mbeya, na uwanja wa Songwe hauko Songwe

Jamani, hii ya "Tunduma, Mbeya" bado ipo sana hasa kwa watu wa Dar, na siwalaumu maana hata makondakta wanaita "Mbeya Tunduma Mbeya Tunduma" kama vile ni kitu kimoja, ila Tunduma ilishatoka Mbeya tangu 2016 ulipoanzishwa mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa, ukachukua Mbozi, Momba, Ileje na wilaya yenyewe ya Songwe. Chunya ikabaki Mbeya. Kwa hiyo hata kile kimondo cha Mbozi mnachopigia picha mnaandika "Mbeya" kiko Songwe.

Sasa panapochanganya kweli ni uwanja wa ndege wa Songwe, wengi wanadhani uko mkoa wa Songwe, hapana, uko Mbeya, ukitoka mjini unapita Mbalizi unafuata lami ya Tunduma kidogo tu umefika, na ulianza kazi 2012, mkoa wenyewe ulikuwa haujazaliwa.

Upande wa Iringa ni hivyo hivyo, Makambako ni Njombe tangu 2012. Mafinga ndo bado Iringa.