“Kolesteroli imeshuka, dawa ya nini tena?”

Barazani hapa Chake Chake husemwa hivyo sana, hasa na wenye kisukari waliokwishapunguza tui na vya kukaanga. Vyema, lakini kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini lenyewe. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, hupunguza utengenezaji huo. Ukiiacha, kipimo hupanda tena ndani ya wiki chache.

Tena sukari ikizidi mwilini huharibu mishipa ya damu hata kolesteroli ikiwa ya kawaida. Ndiyo maana miongozo ya Marekani humshauri mwenye kisukari wa miaka 40 hadi 75 atumie statini, kumkinga na shambulio la moyo na kiharusi.

Misuli ikiuma, mwambie daktari, huenda akabadilisha dozi au aina. Kuacha kimyakimya (na wengi hufanya hivyo) hakumsaidii mtu. Mwenye mimba, au anayeitafuta, amuulize daktari kwanza kabla ya kutumia statini.