Mdondo hauji na upepo: kulinda kuku wa uani

Simu nyingi tunazopigiwa na wafugaji wa mjini huanza kwa maneno yaleyale: "Daktari, jana walikuwa wazima kabisa." Mama ana mitetea sita na jogoo nyuma ya nyumba, Mbagala au Buza. Watoto wamewapa majina na huwalisha punje za mtama mkononi. Asubuhi moja anakuta wawili wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi ni cha kijani. Mwingine anahema kwa shida, shingo imepinda. Kabla wiki haijaisha banda ni tupu.

Huo ni mdondo, ambao wengi huuita kideri. Katika kundi ambalo halijachanjwa unaweza kuua karibu kuku wote. Unaletwa na virusi na hauna dawa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu watu hukimbilia duka la dawa za binadamu wakanunua vidonge vya rangi mbili, wakavifungua na kuvikoroga kwenye maji ya kuku. Vidonge vile huua bakteria. Virusi vya mdondo haviguswi. Kinachobaki ni mabaki ya dawa kwenye mayai ambayo watoto wako watakula.

Watu husema ugonjwa umeletwa na upepo wa kiangazi. Kiangazi ni kweli mdondo hushamiri katika sehemu nyingi za Tanzania, lakini tukiuliza vizuri tunakuta mlango ulioupitia. Kuna jogoo wa zawadi aliyetoka kijijini. Kuna tenga lililoazimwa kwa mchuuzi wa sokoni, au viatu vilivyokanyaga machinjio ya kuku. Mlango mkubwa kuliko yote ni hofu yetu wenyewe: kuku wakianza kufa kwa jirani, kila mtu huwahi kuuza au kuchinja waliobaki. Kuku anayeonekana mzima huenda tayari anabeba virusi, kwa kuwa dalili huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza, na yule aliyeuzwa leo kesho anachangamana na kuku wa mtaa mwingine. Manyoya na matumbo yakitupwa jalalani, mbwa na kunguru huyasambaza. Kuku aliyekufa mchome au mzike shimo refu. Ukiwa na mgonjwa usiuze hata mmoja. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

Kinga ipo na si ghali. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, hutengeneza chanjo ya mdondo inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida. Hutolewa tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo mkubwa sawasawa, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kustahimili joto hakumaanishi uiache juani au juu ya bati. Itunze penye ubaridi na kivuli, na ufuate maelekezo ya chupa. Ukilazimika kuiweka kwenye maji ya kunywa, jihadhari na maji ya bomba yenye klorini, maana chanjo ni virusi hai na klorini huviua. Mwili wa kuku huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga, kwa hiyo chanja kuku wakiwa wazima, kabla hujasikia habari za vifo.

Kuna jambo linalowakatisha tamaa wenye kuku wachache: chupa moja inatosha kuku mia na zaidi, nawe una saba. Usiiache dukani. Ongea na majirani, hata kupitia balozi au kikundi chenu cha vikoba, mchangie chupa na mpange siku moja, jioni kuku wakiwa wameingia mabandani. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote. Kuku wa mjini huruka ukuta na kula kwenye jalala moja. Ukichanja wako peke yako, wa jirani watabaki kuwa njia ya ugonjwa mlangoni kwako.

Kuku mgeni mtenge kwa siku 14, mbali na wenzake, na chombo chake cha maji kiwe chake. Mhudumie mwisho, baada ya kuwahudumia wenyeji.

Banda lisiwe na msongamano: mita moja ya mraba kwa kuku wanne au watano inatosha kulala. Liinue kutoka ardhini, liwe na vichanja vya kulalia na wavu wa kupitisha hewa, maana kinyesi kikikosa hewa hutoa harufu kali inayoharibu mapafu. Matundu ya wavu yawe madogo. Kicheche hupenya pembamba kuliko unavyodhani. Mchana, Dar es Salaam na Unguja, adui wa vifaranga ni kunguru weusi, ndege waliofikishwa Zanzibar miaka ya 1890 na wakazagaa pwani yote. Vifaranga wafunike kwa tenga au wavu hadi wakue. Madimbwi ya maji yafukieni pia: mbu hueneza ndui ya kuku, ile inayoacha vipele kwenye upanga na kope. Nayo ina chanjo yake.

Chakula sitakisemea sana. Pumba peke yake haitoshi; ongeza dagaa na mashudu ya alizeti, na maji safi kila siku. Ukipulizia dawa mchicha, wafungie ndani.

Nyumbani pia mjilinde. Kuku mzima anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote, na kwa mtoto mdogo hiyo huweza kuwa kuhara kukali. Watoto wasiwabusu wala kulala nao, wanawe mikono kwa sabuni kila wakiwagusa. Banda lisisogee jikoni.

Siku ya kuchanja andika kwa chaki kwenye ubao wa banda tarehe ya leo, na chini yake tarehe ya miezi mitatu mbele, jirani naye aione.