Vibao vya gitaa vya Brazil kikundini: anzeni na gumba

Kwa kikundi cha wapiga gitaa kinachojipa changamoto ya kujifunza kwa wiki sita, vibao viwili vinatosha: "Sons de Carrilhões" cha mpiga gitaa João Pernambuco, kisha Preludio namba 1 ya mtunzi Heitor Villa-Lobos, ya mwaka 1940. Katika vyote viwili kazi kubwa iko kwenye kidole gumba, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa wamezoea kusikiliza nyuzi nyembamba zenye sauti ya juu tu.

Kwanza kubalianeni toleo moja la nota. Pernambuco (1883–1947) hakujua kusoma wala kuandika nota. Vibao vyake viliandikwa na wengine, kwa hiyo matoleo yanatofautiana. Watu wanane wenye matoleo matatu hawawezi kusahihishana.

"Sons de Carrilhões" kinataka uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, ushushwe kutoka E hadi D. Ulegeze upite D kidogo, kisha uupandishe mpaka ulingane na uzi wa nne mtupu (usiobanwa kwa kidole), oktava moja chini yake. Ukiishia kwenye kulegeza tu, uzi hautulii na katikati ya kibao utajikuta umetoka nje ya sauti. Kumbuka pia kwamba nota zote za uzi huo zimesogea freti mbili (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa): G iliyokuwa freti ya 3 sasa iko ya 5. Kosa la kubana freti ya zamani husikika katika rekodi nyingi za wiki ya kwanza, kwa sababu mkono unakwenda kule ulikozoea.

Wiki hiyo ya kwanza, melodi iacheni. Pigeni besi peke yake kwa gumba, mapigo 50 kwa dakika, vipimo vinne kwa siku. Halafu, mkikutana, wekeni gitaa chini mfanye mdundo ambao Wabrazil huuita garfinho, yaani uma mdogo. Gawa pigo moja mara nne, upige makofi kwenye 1, 2 na 4, ya 3 uiache kimya: ta-taa-ta. Nusu ya kikundi ihesabu zote nne kwa mguu, nusu ipige makofi, kisha mbadilishane. Anayekosea huwa anayagawa makofi matatu sawasawa, na uma unageuka kuwa mwendo wa waltz. Peke yako hutalisikia kosa hilo. Miguu ya wenzako inakuumbua papo hapo.

Mkiwa mbalimbali, msijaribu kupiga pamoja kwa simu ya video, kwani sauti huchelewa na kila mtu atamsubiri mwenzake. Kila Jumapili kila mmoja arekodi dakika moja bila kuihariri, simu ikiwa mita moja kutoka kwenye gitaa, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa sikioni. Anayesikiliza ajibu jambo moja tu: je, besi inasikika kama wimbo?

Wiki ya nne ingieni kwenye Preludio. Villa-Lobos alikuwa pia mpiga selo, na hapa melodi inaimba chini kama selo. Kwenye uzi wa tano kidole kinateleza kutoka freti ya 2 hadi ya 7, huku kordi ya nyuzi 3, 2 na 1 zikiwa tupu ikirudiwa juu yake. Kordi hizo ndizo humeza melodi. Gumba lipige kwa kuegemea: likishapita uzi wa tano lipumzike juu ya wa nne. Uzi wa nne haumo kwenye kordi hiyo, kwa hiyo hupotezi kitu, na besi inapata uzito. Vidole vya shahada, kati na pete viguse tu, karibu na tundu la gitaa, mahali penye sauti laini.

Sehemu ya kati inahamia E meja na inakwenda kasi zaidi. Tafuta kwanza kasi unayoiweza humo bila kujikwaa, ndipo upange mwendo wa mwanzo chini ya hapo.