Amri za Mahakama Kuu dhidi ya mahakama za chini

Mtu anayeiomba Mahakama Kuu ya Tanzania itoe amri dhidi ya mahakama ya chini hapaswi kutarajia kwamba ushahidi wake utapimwa upya, kwa kuwa kazi hiyo ni ya rufaa. Katika maombi haya jaji huchunguza kama hakimu alikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri, na kama alilisikiliza kwa kufuata sheria na haki ya asili, yaani kila upande usikilizwe na mwamuzi asipendelee.

Amri zenyewe ni tatu. Zina asili ya Uingereza, ambako zilitolewa kwa jina la mfalme, na hapa nchini zimo katika Sura ya 310, sheria ambayo jina lake linataja ajali za vifo na kwa hiyo halimsaidii kabisa anayezitafuta. Amri ya kutengua, ambayo mawakili huiita kwa Kilatini certiorari, hufuta uamuzi uliokwisha kutolewa. Tuseme hakimu ametoa hukumu bila kumpa mdaiwa nafasi ya kujitetea: hukumu hiyo inaweza kutenguliwa hata kama deni ni la kweli, na jaji hataandika hukumu yake badala ya ile iliyofutwa. Amri ya kukataza huzuia mahakama isiendelee na shauri lisilo katika mamlaka yake, hivyo haina kazi tena mara uamuzi ukishatoka. Amri ya kushurutisha, yaani mandamus, humlazimu hakimu aliyekataa kutimiza wajibu wake autimize. Anaweza kuamriwa asikilize shauri, lakini haamriwi aamue vipi.

Mwombaji huanza kwa kuomba kibali, akiwasilisha maelezo na kiapo ndani ya miezi 6 tangu uamuzi anaoulalamikia, na akikipata ana siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Wengi hukwama katika hatua hii ya kibali, hasa kwa sababu njia ya rufaa ilikuwa wazi na hawakuipita.

Dhidi ya mahakimu, hata hivyo, kuna njia fupi zaidi, nayo ni marejeo: chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, Mahakama Kuu inaweza kuliitisha jalada, hata kwa hiari yake, na kurekebisha kosa lililomo. Ndiyo maana siku hizi amri hizi tatu huombwa zaidi dhidi ya mawaziri, mamlaka za umma na vyombo vya nidhamu.